Jumatano Ipi

Jumanne ya tarehe mbili Desemba, mwaka wa sabini na tano, Rahabu alikwenda nyuma ya nyumba mara nne kabla umande haujakauka, na mara zote nne kitambaa kilitoka kama kilivyoingia, kikavu na cheupe. Alikuwa akitafuta damu. Wanawake wenzake waliiona damu ya kila mwezi kuwa usumbufu wa kufua na kuanika mafichoni. Yeye aliitafuta kama mtu anayemtafuta mtoto aliyepotea sokoni, kwa kuwa daktari alishamwambia waziwazi kwamba mimba nyingine itamuua.

Daktari huyo hakuwa mtu wa kutisha watu ovyo. Miaka miwili nyuma, Rahabu alipokuwa na mimba ya nne, kovu la mtoto wa tatu aliyetolewa kwa kisu lilichanika akiwa bado njiani, amebebwa kwenye machela na wanaume sita wanaopandisha mlima kuelekea hospitali. Mtoto alifika amekufa. Mama alifika na pumzi za kuhesabika. Walimkata, wakamshona, na siku ya tano alipoweza kukaa kitandani daktari alivuta kiti akamweleza taratibu: kizazi chake kimeshonwa kama gunia kuukuu, mimba ikijaa tena kitachanika palepale, na safari hiyo huenda asiifikie hospitali.

Walitaka kumfunga kizazi siku ileile ya upasuaji. Karatasi ya kufunga ilihitaji sahihi ya mume, na Anaeli, mumewe, dereva wa lori kwenye shamba la mkonge huko tambarare, alikuwa Tanga amepeleka mzigo. Aliyekuwapo ni mama mkwe, Bibi Zipora. Walimletea wino aweke dole gumba, akaficha mkono ndani ya kanga. "Nifunge kizazi cha mke wa mwanangu, na mwanangu hayupo?" aliuliza. "Akirudi nimwambie nini?" Usimlaumu upesi. Alikuwa mwanamke wa zamani, na hakuna aliyemweleza kwamba alikuwa anachagua kati ya wajukuu na mkwe. Kizazi kikabaki wazi, kurudi kukatwa tena Rahabu hakuthubutu, na hofu ikaingia nyumbani ikaketi kama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Kwa miaka miwili Rahabu na Anaeli walilala kama ndugu waliogombana. Anaeli alikuja nyumbani Jumamosi ya baada ya mshahara, baiskeli yake imefungwa kifurushi cha sukari na sabuni, akacheza na watoto watatu, akala, kisha akatandika mkeka upande wa pili wa chumba. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa. Usiku mwingine Rahabu alimsikia akigeukageuka kule chini, akatamani kumwita, na woga ukamziba mdomo.

Ndipo alipokuja nesi Honorata.

Wakati huo walikuwa wameshahamishwa kutoka mlimani. Operesheni ya serikali ya kuhamishia watu vijijini iliwashusha mwaka uliopita, nyumba zao zikapangwa kwa mistari kama madawati ya shule katika kijiji kipya cha Juhudi, kwenye tambarare kati ya Maore na Ndungu. Wazee walinung'unikia joto na mbu. Lakini kijiji kilikuwa na zahanati ya vyumba viwili, na mara moja kwa mwezi, siku ya Ijumaa, gari la kliniki lilimleta Honorata na sanduku lake. Alikuwa binti wa Bukoba, mrefu, mcheshi, mwenye Kiswahili cha haraka kilichowapa wanawake wa Kipare kazi ya kukikimbiza. Alikuja kupima watoto uzito, lakini pia alileta kitu ambacho wanawake walikitaja kwa sauti ya chini: vidonge vya majira.

Rahabu alikwenda kwake Ijumaa ya tarehe kumi na saba Oktoba, karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya Anaeli imekunjwa kwenye pindo la kanga. Anaeli aliisaini mara mbili, kwa kuogopa ya kwanza isije ikafutika.

"Mama Lydia," alisema Honorata baada ya kusoma cheti cha hospitali, na ucheshi wote ukamtoka usoni, "wewe dawa hizi si za kupanga uzazi. Hizi ni za kukuweka hai. Nisikilize vizuri."

Akamweleza, na kwa kuwa alikuwa amelipita bwawa la ndiva huko mlimani mara nyingi na kuona jinsi watu wanavyogawana maji, alieleza kwa ndiva.

"Ndani yako kuna ghala la mayai. Kila mwezi kichwa kinatuma ujumbe, na yai moja linafunguliwa, kama mgawa maji anavyofungua ndiva zamu ya mtu ikifika. Mbegu ya mume ikilikuta yai, mimba. Sasa kidonge hiki kina dawa ileile ambayo mwili wenyewe huitengeneza mwanamke akiwa mjamzito. Ukikimeza kila siku, mgawa maji anadhani shamba limeshanyweshwa. Hafungui. Yai linabaki ghalani. Na ute wa mlango wa kizazi unakuwa mzito kama uji uliolala, mbegu inakwama humo."

"Hakiui kitu?" Rahabu aliuliza.

"Hakiui kitu. Kinazuia mlango usifunguliwe. Ila ukikuta mlango umeshafunguliwa na maji yameshatoka, huwezi kuyarudisha kwa kidonge. Ndiyo maana nasema kila siku, saa ileile, usiruke. Wanawake mia wakimeza hivyo mwaka mzima, pengine ni mmoja tu atakayenasa. Wakianza kuruka, leo nimesahau, kesho nilikuwa msibani, watanasa wanane, tisa. Wasiomeza kabisa, ukiwakuta mwisho wa mwaka themanini wana matumbo."

Rahabu alizihesabu zile namba kichwani. Mmoja kwa mia. Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili alipumua hadi chini ya mbavu.

Paketi ilikuwa ya karatasi inayong'aa, vidonge ishirini na nane vimepangwa kwa mistari: ishirini na kimoja vyeupe, saba vya rangi ya udongo. Vya udongo havikuwa na dawa ya kuzuia, vilikuwa vya kuongeza damu tu, na katika siku hizo saba mwanamke huona damu yake. Honorata akaonyesha kwa kidole pa kuanzia. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwenye meza ya pembeni, hatua tatu tu, Yahaya, msaidizi wa zahanati, mtu mzima mwenye ndevu na heshima zake, alikuwa anaandika majina. Wanawake wengine saba walikuwa kwenye benchi. Honorata akapunguza sauti, na kwa adabu akalifunika lile neno, kama sote tunavyolifunika. Sisi ni watu wa ajabu. Tutachinja ng'ombe mbele ya watoto na damu itiririke mpaka njiani, lakini damu ya mwanamke tutaizungukia kwa majina mpaka yenyewe isijijue.

"Mwezi ukiingia," alinong'ona, "siku ya tano, unaanza. Ukianza siku hiyohiyo, dawa inakushika. Ukichelewa tu, mkwepe mumeo siku kumi na nne. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Siku ya ngapi?"

"Ya tano."

"Safi. Anayefuata!"

Kwao mlimani wanawake walisema *kuona siku*. Mwezi ulikuwa mwezi, ule wa kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa juu ya mtungi. Rahabu alipofika nyumbani alizificha paketi tatu alizopewa ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo za mtoto aliyekufa, mahali ambapo hakuna mkono ungepekua, kisha akasimama mbele ya kalenda. Mwezi ukiingia, maana yake Novemba. Siku ya tano. Akafuata kwa kidole: tarehe tano Novemba, Jumatano. Siku ya tano ya mwezi, na jina lake lenyewe Jumatano! Kama alikuwa na shaka hata ya punje ya ulezi, iliishia hapo. Aliona ni Mungu mwenyewe amempigia mstari.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tano Oktoba aliona siku zake. Akafua vitambaa vyake, akaanika chini ya kanga kuukuu, akaendelea kungoja mwezi uingie. Paketi ilikuwa sandukuni muda wote huo. Hakuigusa. Alikuwa mwanafunzi mtiifu.

Jumatano ya tarehe tano Novemba, jua lilipozama nyuma ya mlima, alimeza kidonge cheupe cha kwanza kwa maji ya mtungini. Alhamisi cha pili, Ijumaa cha tatu. Jumamosi Anaeli akaja na baiskeli yake.

"Nimeanza," Rahabu alimwambia watoto walipokwisha kula. "Siku ileile aliyosema nesi. Sikuchelewa."

"Una hakika?"

"Baba Lydia, mimi ndiye nitakayekufa. Unadhani nitakosea?"

Anaeli alicheka kwa woga, akaukunja mkeka wake akausimamisha ukutani. Ile ilikuwa furaha ya kweli, msinipokonye hata kama najua mwisho wake. Watu wawili waliooana miaka kumi na minne walikutana tena.

Wiki ya tatu kichefuchefu kilianza. Kilimjia akikaanga vitunguu, kikamjia akipita karibu na dagaa za jirani. Mate yalimjaa kinywani. Matiti yakauma hata kwa kuguswa na kanga. Mwanamke aliyezaa mara nne hahitaji kufundishwa dalili hizo. Lakini Honorata alikuwa ameshamwambia: kwa kuwa dawa ni ileile ya ujauzito, mwezi wa kwanza mwili huweza kudanganyika, utasikia kichefuchefu, matiti yatajaa, usiogope. Sasa aulize nani? Dalili za kupona na dalili za kufa zilikuwa zilezile. Asubuhi alijiambia ni kidonge, na jioni alijua ni mimba, na akishameza kingine jua likizama, kesho yake asubuhi ilirudi kuwa kidonge. Aliishi hivyo siku kwa siku, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Bibi Zipora alikuwa na macho. Alikaa kwenye kigoda chake akipepeta mahindi, na hakuna kilichompita.

"Naona unatematema," alisema siku moja.

"Ni joto la huku chini, mama."

"Joto." Akapepeta kidogo, makapi yakaruka. "Mimi nikiwa na Anaeli tumboni nilitema mpaka mume wangu akanipa kopo. Joto lilikuwa halijafika mlimani siku hizo." Akatabasamu, tabasamu zuri la mtu anayesubiri zawadi. Rahabu alitamani kumpigia kelele. Alichukua ndoo akaenda mferejini, akasimama huko muda mrefu kabla ya kuijaza.

Vidonge vyeupe viliisha Jumanne ya tarehe ishirini na tano Novemba. Siku za udongo zikaanza, siku ambazo damu ilipaswa kuja. Cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Alipofika cha nne alianza kuhesabu safari za nyuma ya nyumba. Alianza kuwatazama watoto wake kwa namna iliyomtisha yeye mwenyewe: Lydia, miaka kumi na mitatu, ataweza kusonga ugali wa watu wanne? Hezroni ameshajifunza kufua shati lake? Na Reginald, yule mdogo aliyetolewa kwa kisu, ambaye mpaka leo halali bila kushika sikio la mama yake, atashika la nani? Akamfundisha Lydia kushona vifungo. Akamfundisha kupima chumvi kwa kiganja. Mtoto aliuliza, "Mama, unasafiri?" Rahabu akamtuma kuni.

Na sasa ilikuwa Jumanne ya tarehe mbili Desemba, kidonge cha mwisho cha udongo kiko mkononi, na kitambaa ni cheupe.

Jumatano akafungua paketi ya pili. Hapo woga ulikuwa umeshamchanganya, kwa sababu alimeza viwili. Alifikiri, kama kimoja kinaufunga mlango, viwili vitaukomea. Alhamisi viwili tena. Kichefuchefu kilimlaza, akaokota kuni kwa kusimama kila hatua kumi, akakosa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, siku ya kusafisha mfereji, na balozi wa nyumba kumi akatuma mtu kuuliza kwa nini nyumba ya Anaeli haikutoa jembe. "Mwambieni naumwa," alijibu kutoka ndani. Bibi Zipora, mlangoni, alimsahihisha mjumbe kwa sauti ya kutosha nyumba tatu: "Si ugonjwa huo. Mwambieni nyumba hii inaongezeka."

Tangu saa hiyo kila aliyepita alimsalimu kwa kicheko. Wanawake walimpa pole tamu za mwanamke mzito. Rahabu alijibu "Asante."

Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Desemba, gari la kliniki lilipotua, yeye alikuwa ameshakaa kwenye benchi tangu saa moja. Hakungoja zamu. Honorata alipoinua kichwa tu, Rahabu alikuwa mbele yake.

"Nesi, haijaja."

Honorata alimtazama, akasoma uso wake, akasimama na kumwingiza chumba cha ndani. Akafunga mlango. Akauliza kwanza kama aliruka kidonge. Hapana. Alitapika baada ya kumeza? Hapana, si mwanzoni. Saa ileile? Jua likizama, kila siku. Nesi akapata matumaini kidogo, ilisikika sautini mwake.

"Basi tusikimbie. Mwezi wa kwanza damu huweza kuwa chache mno, hata isionekane. Ulianza siku niliyokuambia?"

"Siku ya tano. Jumatano."

Honorata akatabasamu, kisha tabasamu likasimama katikati. "Jumatano. Kwa nini unasema Jumatano?"

"Si ulisema siku ya tano? Mwezi ukiingia, siku ya tano. Novemba iliingia, tarehe tano ikawa Jumatano. Nikaanza."

Kulikuwa na mbuzi nje ya dirisha, akilia. Honorata alikaa kitandani taratibu. Alipozungumza tena hakufunika neno lolote.

"Mama Lydia. Damu yako. Damu ya mwezi wa kumi. Ilianza lini?"

Rahabu hakuwahi kusikia mtu akilitamka wazi hivyo, na aibu ilimpanda hata katikati ya hofu. "Jumamosi. Tarehe ishirini na tano."

Honorata akanyoosha vidole vyake. "Jumamosi, moja. Jumapili, mbili. Jumatatu, tatu. Jumanne, nne." Kidole gumba kilibaki hewani. "Jumatano, tano."

"Ndiyo," alisema Rahabu kwa haraka, kwa kuokolewa. "Jumatano. Nilianza Jumatano."

"Jumatano ipi?"

Rahabu akavitazama vile vidole vitano.

"Tarehe ishirini na tisa Oktoba," alisema Honorata. "Hiyo ndiyo siku ya tano ya damu yako. Nilisema mwezi kwa sababu kwetu, na kwa wengi, mwezi ndiyo damu. Wewe ulianza Jumatano ya pili. Wiki moja baadaye. Mumeo alikuja lini?"

"Jumamosi yake."

"Siku ya kumi na tano." Nesi alizihesabu tena kwenye vidole, kama vingeweza kubadilisha jibu. "Yai lilikuwa limeshaanza safari. Vidonge vitatu haviwezi kulirudisha. Mgawa maji alikuwa ameshafungua, mama. Ulifunga mlango na maji yako shambani."

Rahabu alisikia kila neno, lakini lililobaki likizunguka kichwani ni hilo moja tu: wiki. Si mwaka, si uzembe, si dhambi. Jumatano ileile, vidonge vilevile vikiwa sandukuni tayari, naye akipita karibu navyo kila siku na ndoo ya maji. Alikasirika ghafla, hasira ya moto, akamkasirikia binti huyu wa watu na adabu zake, akajikasirikia yeye mwenyewe na kalenda yake.

"Ungesema damu!" alisema. "Kwa nini hukusema damu?"

"Yahaya alikuwa pale."

"Na mimi nikafa kwa sababu Yahaya alikuwa pale?"

Honorata alianza kulia. Hakulia kwa sauti, machozi yalishuka tu huku akivaa glovu, na Rahabu akalala kitandani kwa sababu hapakuwa na jingine la kufanya. Mkono wa nesi ulikuwa wa baridi. Ulibonyeza tumbo kwa juu, ukapima kwa ndani, ukakaa, ukapima tena. Rahabu alitazama mabati ya paa akahesabu misumari. Aliomba kwa lugha ya kwao, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa kimeshamtenda vya kutosha.

"Kizazi kimelainika," alisema Honorata hatimaye. "Na kimekua. Wiki saba, tukihesabu tangu damu ya mwisho. Nenda hospitali na mkojo wa asubuhi waupime, lakini mimi sitakudanganya."

"Vile vidonge viwili viwili nilivyomeza?"

"Viache kuanzia leo. Havitoi mimba. Kazi yake ni kuzuia, na cha kuzuia hakipo tena." Alivua glovu. "Sikiliza. Kovu kama lako huchanika zaidi uchungu ukianza. Daktari anaweza kukupasua kabla ya uchungu, mimba ikitimiza miezi minane, ukiwa umelazwa pale pale mlimani, si huku chini. Ni hatari. Sisemi si hatari. Linaweza kuchanika hata kabla ya uchungu. Lakini ukikaa karibu na kisu una nafasi, na ukikaa Juhudi huna."

Rahabu alishuka kitandani. Alipofungua mlango, benchi lote lilikuwa limenyamaza. Ukuta ule ulikuwa wa matofali membamba. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyempa pole. Raheli, jirani yake, alikuwa ameshika paketi yake mpya kwa mikono miwili na alikuwa anaikodolea macho. Nyuma yake Rahabu akasikia sauti ya Honorata, kubwa, imepasuka, ikisema mbele ya Yahaya na ndevu zake: "Kina mama, kabla sijaita mtu. Kila mmoja aniambie damu yake ilianza siku gani."

Jumamosi mchana alikuwa mferejini anafua alipoona baiskeli ya Anaeli inakuja kando ya maji. Haikuwa Jumamosi yake ya kuja. Mtu wa kijijini aliyepita shambani alikuwa amempa hongera.

Hakusalimia. Alisimama na baiskeli mkononi, jasho linamtoka kidevuni.

"Wamenidanganya," alisema. "Sema wamenidanganya, Mama Lydia."

"Hawajakudanganya."

"Lakini ulimeza. Nilikuona unameza."

"Nilimeza. Nilianza kwa kuchelewa wiki moja, sikujua. Nilihesabu mwezi wa ukutani badala ya wangu." Alilikamua gauni la Lydia mpaka likatoa tone la mwisho. "Nesi amesema wiki saba. Kuzaa ni mwisho wa Julai."

Anaeli aliachia baiskeli. Ilianguka, gurudumu la mbele likaendelea kuzunguka juu ya nyasi, naye akalitazama kana kwamba ndilo lililosema. Alikuwa mwanaume mkubwa, dereva aliyewahi kuvuka mafuriko na lori la tani saba, na Rahabu alimwona akipungua mbele ya macho yake. Akachuchumaa. Akaweka viganja usoni.

"Ile Jumamosi," alisema ndani ya viganja. "Mimi ndiye. Nilikunja mkeka. Nimekuua."

Kutoka nyumbani, juu ya mstari wa paa, sauti ya Bibi Zipora ilisikika ikimwita mtu aje aone, mwanawe amefika, na baada yake vigelegele, vikali na virefu, vya bibi anayemshukuru Mungu. Vilipanda, vikakatika, vikapanda tena. Wote wawili walivisikiliza mpaka mwisho.

"Bado," alisema Rahabu.

Anaeli akainua uso.

"Hujaniua. Bado. Naogopa, Baba Lydia. Naogopa mpaka meno yananiuma. Lakini Jumatatu tunapanda mlimani mimi na wewe, na karatasi ya kufunga utaiwekea sahihi kabla hawajanigusa, wakimtoa mtoto wafunge hapohapo. Mwezi wa sita nahamia huko. Na huyo bwana wako wa mkonge mwambie kuanzia sasa atafute dereva mwingine wa Tanga."

Akanyoosha mkono wenye povu. Anaeli aliushika, lakini hakusimama, na ikabidi yeye ndiye amvute.